Kiraka cha Njano

Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Aliyesema hayo hakuwa na kodi ya chumba,
wala hakufungua duka mjini Lugo mwezi wa Novemba,
chini ya ukuta wa Waroma, mahali ambapo hata paka
hupita akiwa na shughuli nyingine.

Mimi ni kinyozi. Kioo changu kinatazama mlango wake.
Miaka miwili nilimwona Sabela Outeiro
akifuta kaunta iliyo safi.
Fundi wa miavuli! Katika mji
ambao mwavuli wa euro tano hununuliwa sokoni Jumapili
na Jumanne umelala pipani, miguu juu,
kama popo aliyegongwa na gari.

Akaenda kwa Breixo mpiga chapa. Mabango mia mbili?
Euro mia na arobaini, na hiyo ni bei ya ujirani.
Sabela akafungua kopo la akiba mbele yangu:
euro thelathini na moja, na kifungo cha koti.
"Kifungo nacho tukihesabu?" aliniuliza.
Sikujua kama nicheke.

Sasa, nyuma ya duka palikuwa na miavuli arobaini na mitatu
iliyoachwa tangu enzi za mjomba wake Fiz:
wenyewe walihama, walisahau, walikufa,
tiketi zingali zimefungwa kwa uzi kwenye mipini.
Akaitengeneza yote. Usiku, taa moja,
ubavu kwa ubavu, mshono kwa mshono,
na kila mmoja akautia kiraka cha njano
alichokata kwenye koti la mvua la marehemu.
Hakuandika jina. Hakuandika namba ya simu.
"Kitambaa kitasema," alisema. "Mie sina sauti ya sokoni."

Mvua ilipoanza (na Lugo mvua haianzi, huendelea tu)
alisimama kituo cha basi, mzigo begani.
"Chukua. Ni wa kuazima. Niko chini ya ukuta,
mlango wa kijani, mkabala na kinyozi mbea."
Mbea ni mimi.

Wiki ya kwanza ilirudi miwili.
Nikapiga hesabu ya hasara kwa sauti,
mpaka mteja, povu shavuni, akaniambia ninyoe kwanza.
Wiki ya pili, mmoja. Uliopinda.
Sabela akaunyoosha, akauazimisha tena.

Kisha akafa Xenaro, tarishi wa zamani,
ambaye kila nyumba ilimdai au ilimpenda.
Siku ya maziko mbingu zilifunguka.
Nilisimama juu ya ukuta nikatazama msafara:
weusi, weusi, weusi, na katikati ya weusi
njano. Njano tena. Nikahesabu kumi na tisa,
kama madirisha yenye taa katika nyumba moja ndefu,
na chini ya kila dirisha mtu akimnong'oneza jirani:
hicho kiraka umekipata wapi?

Lakini ukiniuliza, aliyelifungua duka ni Bi Dosinda.
Kituoni alipewa mwavuli kama wengine,
akaushika mpini, akanyamaza.
Mpini ulikuwa na alama za meno ya mbwa,
mbwa waliyemzika mwaka ule ule aliokufa mumewe.
Hakuurudisha. Nani angeurudisha?
Alikuja na tiketi mkononi, akalipa deni la marehemu
kwa peseta, fedha iliyokufa siku nyingi,
na Sabela akazipokea, akaziweka koponi kando ya kifungo.
Tangu hapo, kila asubuhi, kwenye foleni ya mkate,
Dosinda husimulia. Huanza upya akija mtu mpya.
Mdomo kama ule haupangishwi kwa mwezi.

Leo nikinyoa naona watu wanne mlango wa kijani,
mmoja kashika mwavuli wa sokoni ambao mimi ningeutupa.
Kodi imelipwa hadi Machi. Aprili hatujui.
Miavuli kumi na mmoja bado haijarudi.
Sabela huniuliza, kitambaa cha kufutia mkononi,
ni nani hao wasio na haya.
Namwambia, dunia ina watu, mama,
nami navuta pazia taratibu
mbele ya kona ambako wangu unadondosha maji.