Upande wa Inchi

Kuku ndiye aliyenipokea bandani.
Ameatamia mayai saba juu ya kiti cha dereva,
akanitazama kama mpangaji amtazamavyo mwenye nyumba
aliyekuja bila ya taarifa.
Nikamwachia siku kumi na nane.
Ndivyo nilivyoanza kukutengeneza wewe,
Austini ya ami Sharwani:
kwa kungoja vifaranga.

Wete nzima ilipata habari kabla mimi sijapata spana.
"Mkasi cherehani imemshinda, sasa ashona chuma!"
Jina langu Mkasi, na kazi yangu mkasi.
Sikuwajibu. Mdomo umebana pini haujibu mtu.

Nilianza na nikijuacho: viti.
Nikafumua ngozi kuukuu, nikafuata mshono wake wa zamani,
nikakata mpya, kijani cha jani la mkarafuu.
Shaame wa gereji ya Mtemani akaja, akacheka hata akakaa chini.
"Wamvisha bwana harusi, naye hajakoga?"
Akainua boneti. Kutu. Mavi ya panya.
Nyumba ya manyigu pale penye kabureta.

Basi nikafungua kila kilichokubali kufunguka.
Nati kwenye kopo la maziwa,
skrubu kwenye sahani ya futari,
najiambia, nitakumbuka.
Nguo nikiifumua naitia alama za chaki;
wewe nilikufumua kama mtu anayetafuta ugomvi.
Kuna springi moja, ndogo kama ukucha wa mtoto,
mpaka leo sijui ya wapi.
Nimeiweka kabatini, karibu na pete ya mama.

Spana nilizifuata Chake, seti nzima, zang'ara.
Kumi na mbili haiingii.
Kumi na tatu yacheza, yateleza,
yaila nati pembe zake hata ikawa duara kama tonge.
Vidole vitatu vilichunika.
Nilitukana, Mungu anisamehe, na siku yenyewe Ijumaa.
Shaame akasema gari hii ina wenyewe.

Jioni ile alikuja Bimize kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake.
Nikamzungusha futi kiunoni,
sentimita zimefutika kwa jasho la miaka,
nikaigeuza bila ya kufikiri,
upande wa inchi.
Nikaganda.
"Nimenenepa?"
"Nusu inchi," nikasema.
"Nimezidi nusu inchi!"
"Si wewe, mwanangu. Si wewe."

Nikamwacha na pini zake begani, nikakimbia bandani na taa.
Nusu inchi, kamili, nati baada ya nati.
Miaka thalathini nakata nguo kwa lugha yako
na tulikuwa hatujaamkiana.

Spana za inchi zilikuja kwa meli kutoka Unguja,
kwa mtu auzaye vyuma kwa kilo.
Nzee, nyeusi, moja imechongwa herufi za jina la mtu.
Ziliingia kama kidole kwenye tondoo.

Miezi tisa sitaisimulia.
Ringi nilizitia juu chini, nikazitoa.
Gasketi nilikata mwenyewe, hiyo Shaame aliisifu,
akaigeuza geuza, akauliza nimetumia mashine gani.

Jana, baada ya laasiri, uliwaka.
Sekunde kumi na moja, nilihesabu.
Ukakohoa, ukatikisa banda, ukanyamaza,
na kutoka chini ya sakafu, pale bomba lilipopata moto,
ikapanda harufu ya makonyo.
Kumbe ami alikuwa akibeba makonyo,
yeye aliyekuwa akituapia kwamba gari yake ni ya watu tu.
Shaame akapiga chafya. Mimi nikacheka peke yangu.

Siku hizi naandika kila kitu.
Mlangoni mwako nimeandika kwa chaki: *Breki bado.*
Na chini yake, kwa herufi ndogo,
maana kijani kile kimemvutia tena:
*Kuku asifukuzwe.*