Wapangaji wa Mwambani

Sitaki wino wa Shamu
wala kalamu adhimu,
nina sindano ya sumu
na tochi i mdomoni.

Langoni wote walala,
hata paka wa jalala;
wali wangu umelala
kwa baridi sahanini.

Tangi la ndugu Shekue,
kaniachia nilee,
ye Doha ajiendee
kwa kazi ya bandarini.

"Bahari i pale pale,
ukitoka, shuka mbele;
kwa nini ufuge ile
ya lita mia nyumbani?"

Maneno ya Mwanatumu,
jirani yangu; hukumu
hutoa kama hakimu
juu kwake dirishani.

Ya kwanza nilipoona
niliita hata wana
waje watazame: nina
ua jipya la mwambani!

Rangi ya chai hafifu,
vidole vyake virefu,
nikamwita "mtukufu",
huyo bwana anemoni.

Wiki ya pili wakawa
sita; ya tatu, ikawa
kila jiwe limepewa
wapangaji ishirini.

Wamechoma matumbawe
yakafumba kama mawe,
na kaa wangu mwenyewe
kajificha mchangani.

Nikachukua makasi,
nikawakata upesi;
kumbe kila kijipisi
ni mtoto wa tumboni.

Nikajaribu na ndimu
ya achari, kali tamu;
wakakunja nyuso, hamu
ikawarudi jioni.

Nikanunua na kamba
watatu wa kujigamba,
wakauzunguka mwamba
kama wako harusini.

Walikula vya samaki,
adui hawamtaki;
mmoja, wala sicheki,
aliruka sakafuni.

Kazi yangu uuguzi,
kuchoma ndio ujuzi;
nimeshachoma wazazi
na wana wao wodini.

Dawa yao ni chokaa!
Mwenyewe nikashangaa:
nyumba nzima inang'aa
kwayo hiyo ukutani.

Mababu waliyachoma
matumbawe; leo, jama,
unga wake wasimama
kutetea ya majini.

Ya dukani ina gundi,
itaua kundi kundi,
na ya fundi siipendi,
ina vumbi la njiani.

Kijaluba cha tambuu
cha bibi, kidaka juu,
shaba yake ya nafuu
imechakaa kingoni.

Chokaa yake i mle
na alama ya kidole
cha mwisho, cha siku ile
alipolazwa wodini.

Nilikaa nacho tuli.
"Samahani, bibi; hali
imekuwa mbaya kweli."
Nikakwangua kwa ndani.

Nikazima pampu zote,
maji yatulie yote,
tone lisije lipite
kwa matumbawe jirani.

Wa kwanza alifumbua
kinywa, daku akijua;
tone nikamtilia
jeupe hadi tumboni.

Akanywea, akazama;
kijiukuta kizima
kikamfunika, sema
ni kaburi la mwambani.

Thenashara, nikaenda,
kumi na tisa; kidonda
kidoleni kimetanda,
chokaa imo kuchani.

Kijaluba kikabaki
shaba tupu, sisadiki;
alama yenyewe, haki,
nimeilisha majini.

Asubuhi Mwanatumu
akaingia, "Salamu!"
Matumbawe yana hamu,
yamefunguka nuruni.

Akatazama kioo,
hana hukumu ya leo,
kisha akanena, "Njoo,
hiki nini, hapa chini?"

Nyuma ya bomba, mmoja,
si mkubwa, hana haja
ya haraka; anangoja,
vidole vi kivulini.

"Ua zuri," akanena,
"tuwaite hata wana!"
Nikamtazama; sina
hata chembe mkebeni.