Bakuli la Tatu

Tulichambua karanga kwa bakuli tatu,
mimi, wifi yangu Kwandu, na mama mkwe Nyanzobe,
tumekaa juu ya mwamba uliobaki na joto la mchana,
upepo wa ziwa, pale Kahangara,
ukituvika ngozi zake nyekundu kwenye nywele.

Bakuli la kwanza: nono, zinateleza kama shanga.
Hizo za tajiri wa Buhongwa,
huvunja moja, huinusa,
hutikisa kichwa hata akiridhika.
La pili: mbegu.
La tatu, zilizosinyaa, zilizochubuka,
zilizoota manyoya ya kijani mdomoni,
hizo zetu.

Hizo za kuungia nsansa,
za uji wa Sayi alipoachishwa ziwa
hapa kando ya ziwa.
“Ukikaanga sana,” mama husema, “uchungu unakimbia.”
Haukukimbia. Ulikaa nyuma ya ulimi
kama neno ulilolimeza mbele ya wakwe.

Mwaka huu bwana shamba Lugembe
akaja na pikipiki yenye matope, akataja jina:
sumukuvu.
Akasema moto hauimalizi.
Akasema huenda polepole hadi kwenye ini, ikakaa,
na mtoto hudumaa huku anakula, anashiba, anacheka.
Akauliza: nani hulowesha karanga kabla ya kubangua?

Kuku walipita katikati ya kimya chetu.
Nikatazama kucha zangu.

Ni mimi. Ndoo moja ya maji kwa kila gunia,
nyunyiza, funika turubai, lala.
Asubuhi maganda ni laini kama ndewe,
vidole haviumi,
na mzani unanishukuru.

Sayi ana miaka mitano.
Nguo za mtoto wa miaka mitatu bado zinampwaya.
Lugembe hakusema ni karanga.
Sikumuuliza.

Jioni nikachimba shimo nyuma ya kihenge.
Mama hakunizuia. Alihesabu kwa midomo:
debe, debe na nusu.
Aliyewahi kupika mbegu za kupanda
hawezi kutazama chakula kikizikwa
bila kutafuta jina la marehemu.

Nilipogeukia jembe, aliinama,
akaokota moja, akaifuta kwenye kanga,
akaipeleka mdomoni, kwa mazoea tu,
kisha akakumbuka.

Akaishika hapohapo, karibu na meno,
muda mrefu,
na Sayi anautazama mkono.