Kadi ya Otari

Kutaisi, Januari. Theluji imeziba ngazi.
Otari ameilaza kompyuta kifudifudi
juu ya ubao wangu wa kukandia unga,
eti hapo ndipo penye mwanga.
Nimeufuta mara mbili; bado ana wasiwasi.
Skrubu kumi na moja anazipanga kwenye kisahani cha jemu,
kwa mfuatano ule ule zilivyotoka.

Ana bisibisi ya miwani
na mikono ya fundi wa matrekta.
Kadi ya zamani ni ndogo kuliko stempu,
na juu yake nyaya mbili, mweusi na mweupe,
zimebanwa kwa vifungo sawa na punje ya ulezi.
"Usipumue," ananiambia,
kana kwamba pumzi yangu ndiyo inayomkatakata Tekle
vipande vya mraba kila Jumapili:
mdomo umefika, sauti bado iko Thesaloniki.

Kadi mpya imeingia. Mweupe umenasa. Mweusi wagoma.
Anatukana polepole, kwa adabu, kama aliye kanisani.
Mara: tik.
Hata ganda la alizeti hupasuka kwa kishindo zaidi.

Tunaiwasha. Skrubu moja imebaki kisahanini;
hakuna anayeitaja.
Mjukuu anatokea mzima,
nywele moja moja, meno, na kovu kidevuni
ambalo hatukuambiwa.
"Aliangukia wapi?" nauliza.
Binti yetu anageuza uso,
na safari hii picha haigandi
ikamsitiri.