Nani Amwamkie Nani

Chumba cha nyuma, Vingunguti, dirisha nimeliziba kwa magunia.
Humo gizani naotesha uyoga, ule mamama,
mifuko sitini ya pumba na mabaki ya pamba
inaning'inia darini, inatoa jasho.
Miaka sita nimeupanga mezani Buguruni
kati ya mchicha na matembele.
Mboga ni mboga.

Sikudhani, mtoto wa dada, mwaka wa pili Mlimani,
kaingia na kipande cha mkaa
kachora ukutani njia moja inayoachana, ikaachana tena.
"Usiuite mti, mama mdogo,
utaanza kutafuta nani kakaa kileleni.
Hapa mchicha alituaga."
Alisema *alituaga*. Nikamtazama.
"Tuliobaki tukaenda pamoja kitambo,
sisi na uyoga, tusio na kijani, walaji wa jasho la wengine.
Halafu hapa,"
mkaa ukavunjika,
"nao wakashika yao.
Ukuta wa uyoga una kitu kilekile
kilicho kwenye gamba la kamba wa Feri."

Basi nimekuwa nikiuza ndugu
nimemlaza kwa jirani.

Mimi ngeli nilifundishwa kwa fimbo ya mpera, na mwalimu Mwinshehe:
siafu anauma, pweza anajificha,
mti unaota, uyoga unaota, uyoga umeoza.
Lugha yangu ilitazama nani anatembea.
Haikuuliza nani kazaliwa na nani.

Pembeni ya mchoro palikuwa na kidoa. Nikauliza.
"Huyo mpangaji."
Kabla ya mguu, kabla ya jani,
kiumbe kimoja kilimmeza bakteria, kikashindwa kumsaga.
Akakaa. Akazaana humo humo,
akawa ndiye anayetengeneza nguvu ya nyumba.
Nikacheka mpaka nikashika ukuta,
maana chumba cha mbele yupo Nkwabi,
Msukuma, mtani wangu,
aliingia kwa kodi ya miezi sita
Sikudhani hajazaliwa.
Luku ananunua yeye. Akihama leo
tunalala giza wote.
"Mchicha ana mpangaji wa pili," akaongeza,
"wa kijani. Huyo anapikia jua."

Na mwenye nyumba?

Mkaa ukashuka, karibu uguse sakafu.
"Kwa akea. Wenzao wengine wako Msimbazi,
kwenye tope jeusi lisilopata hewa,
yale mapovu ni pumzi yao.
Ukoo huo ndio uliotutoa: wewe, mimi, mchicha, nyau, kuvu ya mkate."

Daraja la Jangwani nimelivuka mara ngapi
nimeziba pua kwa kanga.
Kumbe napita kwetu.

"Basi niwape shikamoo, hao wakubwa."
Akatikisa kichwa.
"Mkubwa hayupo. Yule wa kwanza alikwisha, hana picha wala kaburi.
Walio hai leo wote wametembea muda uleule,
akea wa topeni na mama mdogo wa Vingunguti.
Mwenye umbo la zamani hakulala njiani."
Shikamoo ikanikaa mdomoni
kama punje ya wali isiyoiva.

Alfajiri nikachuma. Kisu kilekile,
mkono ndio uliochelewa kidogo.
Sokoni nikausogeza uyoga mbali na mchicha,
ukagusana na beseni la dagaa la Mama Tausi, akaguna.
"Mboga hii bei gani?"
Robo, elfu mbili.
Mteja alikuwa na mtoto mgongoni na haraka zake, sikumweleza,
na mizani yangu haijui ukoo.

Mchoro sijaufuta. Unyevu unaulamba polepole,
na kuvu ameanza kuota juu yake,
ameanzia pale mkaa ulipovunjika.