Njia Nyeupe

Walitaka mvulana. Mama alikwisha zaa mabinti wanne,
nami nilipotoka, wa tano, nikaitwa Ulbolsyn:
yaani, na awe wa kiume.
Jina langu ni dua ya watu wengine.
Nimelibeba miaka hamsini na mitatu,
ishirini na sita kati ya hiyo hapa kivuko namba saba:
kibanda cha mabati, jiko la makaa, simu ya kuzungusha,
bendera mbili.

Jumatatu alfajiri waliipitisha imelala.
Hutanguliza miguu, kama maiti atolewavyo mlangoni,
lakini hilo hatulisemi kwa sauti.
Safari ni hatua, na hii
huanza kwa mwendo wa ng'ombe mwenye mimba,
askari mmoja akitembea kando ya behewa
akipiga chafya.
Mjukuu wangu Yernar aliweka sarafu relini.
Ikatoka bapa, ya moto, haina namba wala nembo.
"Sasa ni tenge ngapi, bibi?"
Sasa haiuzwi, nikamwambia.

Jumatano lilipita basi.
Baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
theluji ikisaga meno chini ya magurudumu.
Kanuni: inua kizuizi, simama wima, usipunge.
Dirisha la tatu alikaa mwanamke,
shingo ndani ya pete ya vazi jeupe,
uso wa mtu asiyekumbuka kama amezima jiko.
Naujua uso huo. Huuvaa kila nijapo zamu.
Akaweka glavu kiooni. Hakupunga, aliiweka tu,
kama upimavyo homa kwenye paji la mtoto.
Mkono wangu ukainuka wenyewe.

Redio ilimtaja, upepo ukala nusu ya jina;
nilichoambulia ni ubini: Gennadyevna, binti wa Gennady.
Naye basi amebebeshwa.

Saa kumi na moja na dakika nane, jioni.
Kwanza mwanga. Sauti ina kilomita kumi na moja za kutembea,
na hiyo nusu dakika ndiyo iniogopeshayo:
moto umekwisha simama juu ya mkia wake
nawe wasikia birika tu likinung'unika.
Halafu mabati yakaanza kusema,
kijiko kikatembea mezani hadi ukingoni, kikaanguka,
ngamia wa Dosmagambet wakaugeuzia moto makalio.
Yernar alihesabu mpaka namba zikamwishia,
akaanza tena na moja.

Nilikuwa nimeteleka maziwa, makusudi.
Dakika tisa, hayajachemka,
redio ikasema wamefika, kalamu zao zaelea.
Dakika tisa!
Mimi kutoka hapa hadi dukani kwa mkate ni arobaini,
tena kama upepo uko mgongoni.

Koleo langu marehemu mume wangu alilikata
kwenye bati lililoanguka nyikani mwaka aliponioa.
Lilikwenda juu, likarudi.
Ndilo nisukumialo theluji.

Ijumaa magharibi nilikuwa naanua nguo.
Zimeganda; shuka limesimama kama mlango usio na nyumba.
Kikapita kituo chao,
nuru isiyopepesa, isiyo na haraka,
toka upande wa maghala hadi upande wa makaburi.
Ati huko kunakucha mara kumi na sita kwa siku.
Kumi na sita! Nani anawasha jiko mara zote hizo?

Nikaikunja bendera ya manjano, nikaishika mbele yangu.
Kwa lugha ya reli ni neno moja: pita.
Nikasimama hivyo, shuka kwapani,
hadi mwanga ukazama katika kivuli cha dunia
kama sindano katika blanketi.

Daftari la zamu halina safu ya mambo haya.
Niliandika kama niandikavyo siku zote:
Kivuko saba. Theluji sentimita nne.
Amepita mmoja.
Njia nyeupe.