Kabla ya Uzi

Shangazi Mwanakombo hapimi shira kwa saa.
Huchovya kijiko, hudondosha tone kwenye dole gumba,
hulibana kwa kidole cha shahada, hulivuta:
likikatika, bado;
likivuta uzi, zima jiko.
Ukimuuliza kilichotokea humo sufuriani
kati ya sukari na uzi,
atakwambia, "Mambo ya sukari hayo. Muulize sukari."

Mimi ndiyo kazi yangu, kuiuliza sukari.

Tudor, ghorofa ya pili, chumba kisichofunguliwa dirisha.
Tanuri limelala ubavu, ndani yake bomba la kioo,
digrii mia saba na hamsini.
Huku tunaingiza ethilini, gesi isiyo na rangi;
kule, juu ya vumbi la chuma,
huota nyuzi za kaboni, nyembamba hivi
kwamba unywele ukisimama kando yake ni mnazi.

Nyuzi tumeziona. Zimepigwa picha, zimebandikwa ukutani.
Ninachotafuta ni kile kilichokuwa hewani
pumzi moja kabla.
Ethilini anayeingia siye anayefika mlangoni.
Njiani joto humvunja, humvua hidrojeni, humpa jina jingine,
na huyo wa jina jingine, nadhani,
ndiye anayembishia hodi chuma.

Huwezi kutia dole gumba mle.
Kwa hiyo tunatia nuru.

Leza yetu haionekani kwa macho.
Hupenya bomba, hukatiza gesi,
na upande wa pili kijicho cha kupokelea huhesabu kilichofika.
Kila molekuli ina nuru yake iipendayo;
huinyofoa ikala, na mwali hutoka na pengo
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Zamani shangazi hakumkamata mwizi wa kaimati kwa kumwona.
Alihesabu sinia.

Mwezi Machi tuliliona pengo, refu, safi.
Nzaro alirusha glavu juu. Nami nikampigia Dokta Mwakio
akiwa Voi mazikoni, Mungu anisamehe.
Siku tatu tuliliandikia ripoti.
Ya nne nikazima tanuri, nikafunga gesi,
na pengo lilikuwa palepale, limekaa, linatutazama.

Mvuke. Maji tu.
Ile mita moja na nusu kati ya leza na bomba
ilijaa hewa ya Mombasa, ile inayoloweka chumvi koponi,
inayolegeza biskuti,
inayofanya shati la saa mbili lisifae saa nne.
Tulikuwa tumegundua jasho la mji.

Nzaro alicheka mpaka akakaa chini.
Mimi sikucheka siku ile.

Tukaiziba njia yote ya nuru kwa mipira na gundi,
tukapuliza naitrojeni mchana kutwa.
Nikafuta vioo kwa pamba na spiriti,
maana ukungu wa chumvi haubishi hodi.
Umeme ukakatika mara mbili; tanuri likapoa, tukaanza upya.
Saa kumi na moja jioni mstari ukatulia,
na juu yake, dogo, kama kovu la ukucha,
pengo la asetilini.
Nikafunga gesi: likaondoka.
Nikafungua: likarudi.
Nikafunga tena.
Sikumpigia mtu simu.

Niliandika daftarini joto, kasi, kina cha pengo,
halafu "yawezekana",
halafu nikaipigia mstari "yawezekana".
Kwani ongeza digrii chache tu
na huyo asetilini hushikana mikono na wenzake njiani,
bomba likatoka jeusi, masizi matupu,
shira iliyopitwa na wakati wake.

Usiku nimemkuta shangazi jikoni, tone kidoleni.
Akavuta. Likakatika.
"Bado," akasema, bila kunitazama.
Nami nikasimama pale, mkoba begani,
nikiyaangalia mapovu,
nikitamani sufuria ingekuwa na dirisha.